Kisiwa Kisichozungukwa na Maji: Safari ya Bidhaa Kutoka Lyulilo Hadi Baharini



Mada niliyopewa ni usafirishaji wa bidhaa za kuuza nje kutoka katika uchumi wa kisiwa cha pembezoni. Nadhani wapo waliosoma mwaliko wakasema mzungumzaji huyu amepotea njia, kwamba mada kama hii wasomewe watu wa Wete au wa Moroni, maana Lyulilo hapa tulipokutana, wilayani Kyela ukingoni mwa Ziwa Nyasa, imeshikana na bara na lami imeshafika hapo jirani, Matema. Naomba mnivumilie nieleze ninavyokitazama kisiwa. Mchora ramani hukitambua kwa maji yanayokizunguka. Msafirishaji hana haja na ramani hiyo. Kwake kisiwa ni mahali popote ambapo mzigo hauwezi kutoka bila kuhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, na ambapo mwenye chombo ndiye anayepanga siku, saa na nauli. Kwa kipimo hicho Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kinachofikika kwa mtumbwi au miguu tu, ni kisiwa kamili, Lyulilo ni nusu kisiwa, na Kyela nzima, pamoja na mchele wake unaosifiwa mpaka Kariakoo, ina tabia za kisiwa zaidi ya tunavyopenda kukiri.

Tazameni tulipokaa. Mashariki yetu Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Kuna sehemu ambazo mtu hana hata pa kuanika dagaa kati ya mwamba na wimbi. Kusini ni ziwa lenyewe, kina chake kikifika mita 700 na urefu wake ukikaribia kilomita 600. Magharibi ni bonde la mpunga, linalokatwa na Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe, mito ambayo mwezi wa nne hutuonyesha nani mwenye nchi. Kaskazini ni ukuta wa Rungwe: kutoka ufukweni, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, lori linapanda hadi juu ya mita 2,000 kabla ya kuteremkia Uyole. Mbeya ikishapatikana, Dar es Salaam bado iko zaidi ya kilomita 800 mbele. Kwa jumla, chungu kinachotoka hapa kinasafiri karibu kilomita 1,000 ndipo kinuse maji ya chumvi.

Na nimekitaja chungu kwa makusudi. Mnajua kuna mazao mengine, nami nitafika kwenye kakao, lakini kwa mtu anayetaka kuelewa usafiri hakuna mwalimu kama chungu. Ni kikubwa, ni chepesi, kinapasuka, na bei yake ni ndogo. Kasoro zote za njia hujitokeza kwake kwanza.

Wakisi, watu wa Ikombe, hawakuanza kufinyanga kwa sababu ya watalii. Walifinyanga kwa sababu ardhi yao ni kipande chembamba chini ya mlima, na mtu hali mwamba. Wanaume walivua, wanawake wakafinyanga, na vyungu vikabadilishwa kwa nafaka na ndizi kwa majirani Wanyakyusa wenye mashamba. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi katika nchi hii miaka ya 1930, aliikuta biashara hiyo ikiendelea kama jambo la kawaida kabisa. Miaka ya 1970 S. A. C. Waane naye aliandika juu ya mafundi wa Ikombe, namna wanavyouzungusha udongo juu ya kigae bila gurudumu la kiwandani, na kuta zikatoka nyembamba kiasi cha kumshangaza fundi wa mjini. Kwa hiyo tunapowaita mama hawa "wajasiriamali wadogo wanaohitaji kufundishwa biashara ya nje", tunakosa adabu. Walikuwa wakiuza nje ya nchi yao, kwa maana ya nchi yao ya Ukisi, kabla ofisi yoyote ya biashara haijajengwa Mbeya.

Gulio la Jumamosi hapa Lyulilo ni mwendelezo wa biashara hiyo. Mitumbwi inakuja imejaa, vyungu vimelazwa juu ya majani makavu, vidogo ndani ya vikubwa. Wachuuzi wanakuja kwa malori kutoka Kyela, Tukuyu, Mbeya, wengine Iringa na mbali zaidi. Kwa miaka mingi njia za Ikombe kuja hapa zimekuwa mbili tu, mtumbwi au miguu, na asiyewahi kupita kule kwa miguu akiwa na mtungi kichwani asitoe ushauri kuhusu kupunguza gharama.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, maana tatizo la kufika baharini si la jana.

Katika karne ya 19 bidhaa iliyotoka ukanda huu kwenda ng'ambo ilikuwa pembe za ndovu. Majumbe wa Nkhotakota, ng'ambo ile ya ziwa, walikuwa na majahazi yaliyovuka kuja upande wa mashariki, misafara ikaelekea Kilwa. Karonga alikuwapo Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyepigana na Waingereza na kunyongwa Desemba 1895. Wanauchumi wakitazama biashara hiyo huona ajabu kwamba ililipa, wakati safari ilikuwa ya miezi. Hakuna ajabu. Mara nyingi pembe ilibebwa na binadamu ambaye naye aliuzwa alipofika. Gharama ya usafiri haikuandikwa kwenye daftari la mtu kwa sababu ililipwa na mwili wa mbebaji.

Wazungu walipoingia, njia ikageuka. Ilala, meli ya kwanza ya moshi katika ziwa hili, ilielea Oktoba 1875 baada ya kupandishwa Mto Shire, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa mabegani kuyapita maporomoko na kuungwa tena juu. Wajerumani waliofanya makao yao ya kwanza, Langenburg, ukingoni mwa ziwa upande huu wetu wa Lumbila, nao walileta meli yao Hermann von Wissmann kwa njia hiyo hiyo ya Zambezi na Shire mwanzoni mwa miaka ya 1890. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu mlango wa bahari wa Kyela haukuwa Dar es Salaam. Ulikuwa Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, nchi ya Wareno. (Meli ile ya Wissmann ndiyo Waingereza waliyoishambulia Agosti 1914 huko Liuli ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli za ziwa hili zina desturi ya kuwa kwenye matengenezo siku zinapohitajika.)

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976, ndiyo iliyougeuza uso wa nyanda hizi kuelekea Dar es Salaam moja kwa moja. Miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilipoifungia Malawi njia za Beira na Nacala, hata Malawi ikaja kupitia kwetu, na ndiyo asili ya kile kituo chake cha mizigo pale Mbeya. Angalieni jambo hili vizuri: nchi nzima jirani ilipokwama, ilijenga kituo cha kupokea mizigo, kuilaza, kuiunganisha na kuipeleka ikiwa pamoja. Reli na lori vilikuwapo tayari. Walichokosa ni mahali pa mzigo kusubiri bila kuharibika. Nitalirudia hilo.

Tuje kwenye hesabu. Nawaomba tusihesabu kilomita. Tuhesabu mikono.

Chungu kinatoka penye moto wa kuchomea, kinapakiwa mtumbwini: mkono wa kwanza. Kinashushwa ufukweni Lyulilo: wa pili. Kinapandishwa lori: wa tatu. Kinashushwa kwenye stoo ya mchuuzi Mbeya: wa nne. Kinapakiwa tena: wa tano. Kinashushwa Dar es Salaam kwenye godauni: wa sita. Kinaingizwa kwenye kontena: wa saba. Baada ya hapo kontena likifungwa, hata likihamishwa kutoka meli hadi meli bandari za Salalah au Jebel Ali, chungu hakiguswi. Kule kinakokwenda kinatolewa, kinapangwa, kinapelekwa dukani: mikono mitatu mingine. Jumla kumi.

Sasa tuchukue mfano, na ni mfano tu, kwamba kila mkono unavunja vyungu vitatu katika mia. Mtu akisikia tatu katika mia anasema hasara ndogo. Lakini mikono kumi ikipokezana hivyo, vyungu 100 vilivyoondoka Ikombe vinafika 74. Na vile 26 vilivyopotea vimelipiwa nauli sehemu kubwa ya njia kabla ya kupasuka. Kilichovunjika Dar kimekula mafuta ya lori kutoka Lyulilo, kimepita mizani ya Makambako, ya Wenda, ya Mikumi na ya Vigwaza, ndipo kikawa kigae.

Tazameni tena ile orodha. Mikono saba kati ya kumi iko hapa nyumbani, kabla ya kontena kufungwa. Bahari ya Hindi haituvunjii vyungu. Tunavivunja wenyewe kati ya Ikombe na Kurasini, kwa sababu chungu kinasafiri uchi. Kila mahali kinaposhushwa kinakutana na mtu mpya, majani mapya na haraka mpya.

Tatizo la pili ni kwamba tunasafirisha hewa. Nitafanya hesabu hii taratibu kwa sababu hapa ndipo mipango mingi ya kuuza vyungu Ulaya imekufa, na waliokuwa nayo wakarudi nyumbani wakisema Wazungu hawapendi vyungu.

Chukueni chungu cha wastani, kiwekeni kwenye katoni yenye sentimita 40 kila upande pamoja na vitu vya kukikinga. Chungu na katoni pengine ni kilo tatu. Mkikipeleka kwa ndege, shirika la ndege halitaangalia mizani peke yake. Litapima ujazo: kila sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kilo moja. Katoni yetu ina 64,000. Mnalipia kilo kumi na zaidi kwa mzigo wa kilo tatu. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, ndio mlango wa vyungu vya Wakisi, niwaambie kwa heshima kwamba uwanja ni mzuri, ila kwa parachichi, kwa maua, kwa samaki wabichi. Chungu kwa ndege ni zawadi ya harusi, si biashara.

Kwa meli sasa. Kontena la futi 20 ndani lina urefu wa mita 5.9 hivi, upana 2.35 na kimo 2.39. Katoni zetu zinaingia 14 kwa urefu, tano kwa upana, tano kwa kimo: 350. Uzito wake wote ni kama tani moja, ndani ya sanduku la chuma linaloweza kubeba zaidi ya tani 20. Na nauli ya kontena hulipwa kwa kontena, liwe limejaa risasi au pamba.

Lakini mama zetu wameshalitatua hili, nami sina budi kusema kwamba wataalamu hatukuwatazama. Mtumbwini vidogo vinakaa ndani ya vikubwa. Kama kila chungu kikubwa kingekuwa na cha kati ndani yake, na cha kati kikawa na kidogo, kontena lile lile la katoni 350 lingebeba vyungu 1,050 kwa nauli ile ile. Linalohitajika ni kukubaliana saizi. Leo kila fundi anafinyanga kwa jicho lake, na ni haki yake, ndiyo fahari ya ufundi. Ila mnunuzi wa mbali anataka seti inayoingiana kila mara, na katoni inayotoshea kila mara. Wapo watakaosema kwamba saizi moja itaua sanaa. Sioni hivyo. Nakshi zibaki za kila nyumba. Tunachoomba ni mdomo wa chungu na tumbo lake visizidi kipimo.

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini tusijaze mchele wa Kyela ndani ya vyungu tukauza vyote kwa pamoja. Wazo zuri kwa mtu asiyewahi kujaza fomu za forodha. Mchele unahitaji cheti cha afya ya mimea, chungu hakihitaji. Mchele unaongeza uzito unaokipasua chungu. Na mzigo wa aina mbili ndani ya sanduku moja huweza kufunguliwa kila mlango. Kakao nayo haifai kukaa jirani na vyungu vyenye moshi, kwa sababu kakao hunyonya harufu kama haina kazi nyingine.

Halafu kuna majani. Hapa naomba mama zetu wanisikilize sana. Yale majani makavu na mabua ya mpunga mnayotandika mtumbwini yanafanya kazi nzuri hapa ziwani. Australia hairuhusu majani makavu kama vifungashio vya bidhaa, na Marekani inaogopa hasa mabua ya mpunga, kwa sababu ya wadudu na magonjwa ya mimea. Mzigo ukifika umefungwa nayo unaweza kufukizwa dawa kwa gharama ya mwenye mzigo, kurudishwa, au kuchomwa. Mbao za kreti na paleti nazo zina sheria yake ya kimataifa: njia ya kawaida ni mti kupashwa joto mpaka moyo wake ufike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha kugongwa muhuri. Fundi seremala wa Ipinda anaweza kutengeneza kreti imara kuliko ya kiwandani, lakini bila muhuri ule kreti hiyo ni kuni. Karatasi chakavu na katoni hazina tatizo hilo. Kwa hiyo uamuzi unaofanywa hapa ufukweni, wa kutandika nini chini ya chungu, unafunga au kufungua bandari ya Sydney.

Ushuru si kikwazo. Umoja wa Ulaya tangu 2001 umeziruhusu nchi zilizo nyuma kimaendeleo, Tanzania ikiwamo, kuingiza karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Mlango uko wazi zaidi ya miaka 20. Kinachotushinda ni kuufikia.

Nilisema nitafika kwenye kakao. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka wilaya hii. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo hakuna mkulima hapa aliyewahi kuliota, kabla ya kuanza kushuka 2025. Kwa bei ile, lori lenye tani 30 lilibeba mali ya dola 300,000. Nauli ya kulifikisha Dar ilikuwa tone. Hivi ndivyo visiwa vingi vilivyookoka: Pemba kwa karafuu, Komoro kwa vanila na mlangilangi. Bidhaa ndogo, kavu, ya thamani, inayoweza kusubiri meli iliyochelewa. Lakini kakao ina kitu kingine ambacho chungu hakina, nacho hakitokani na mmea. Kakao inapokelewa na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa, inalala ghalani, mkulima anapewa stakabadhi, kisha wanunuzi wanashindana mnadani. Mna malalamiko juu ya mfumo huo, nimeyasikia, na mengine ni ya haki. Hata hivyo mfumo huo unampa mkulima haki moja kubwa: haki ya kutouza leo.

Mama wa Ikombe hana haki hiyo. Anafika Jumamosi na mtumbwi. Mwenye lori anajua kwamba mchana upepo unaweza kuamka, na kipupwe mwera ukivuma kutoka kusini mitumbwi haina mzaha. Anajua mama hatarudi na vyungu. Anasubiri. Kufika saa saba bei imeteremka yenyewe, bila matusi wala ugomvi. Ndugu zangu, lami ya Kikusya hadi Matema, kilomita 39 hivi, imepunguza sana gharama ya kufika hapa. Swali la mwanauchumi ni nani aliyebaki na kile kilichopungua. Kama muuzaji hawezi kusubiri, faida yote ya barabara mpya huingia mfukoni mwa mwenye lori. Simlaumu, kila mtu anafanya biashara. Nasema tu kwamba barabara bila ghala humtajirisha anayekuja, humwacha anayengoja palepale. Kwa mfinyanzi wa Ikombe ghala ni sehemu ya usafiri sawa na daraja, na ndiyo maana niliwataja Wamalawi na kituo chao cha Mbeya.

Kuhusu meli nitasema machache, maana mnazijua kuliko mimi. Itungi inajaa mchanga unaoletwa na mto, na shughuli nyingi zimesogea Kiwira. Meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zimejengwa kubeba tani 1,000 kila moja. MV Mbeya II, iliyoanza kazi 2021, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ni kazi ya kujivunia, hasa kwamba zimeundwa hapa hapa Kyela. Ila linganisheni: kontena zima la vyungu ni tani moja. Tani za meli tunazo. Shida ni mita za mwisho, kati ya ubavu wa meli na mchanga. Sehemu nyingi za mwambao huu meli husimama mbali na mitumbwi ikaifuata, mzigo ukapokezana juu ya maji yanayocheza. Huo ni mkono mwingine, na ndio mbaya kuliko yote. Gati fupi la kufaa mtumbwi na boti, hapa na pale Ikombe, lingeokoa vyungu vingi kuliko meli ya nne.

Upande wa kusini, bandari ya Mbamba Bay inajengwa, na lami kutoka Songea kupitia Mbinga imeshaifikia. Mpango wa ukanda wa Mtwara uliosainiwa 2004 na nchi nne, Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia, ulilenga hapo: mzigo ushuke ziwa kwa meli, upande lori Mbamba Bay, uende Mtwara. Siku meli itakapokuwa na ratiba ya kuaminika, mtu wa Lyulilo atakuwa na bahari ya pili ya kuchagua, na kuwa na njia mbili ndiko kunakomfanya mwenye lori azungumze kwa upole.

Na Malawi, soko la jirani kabisa? Karonga iko karibu kuliko Mbeya kwa mwenye boti. Mpaka wa ziwani una mgogoro unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, lakini samaki aina ya usipa na vyungu havijawahi kuusoma mkataba huo. Tatizo liko kwenye karatasi. Mchuuzi wa Namanga au Mutukula mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupewa cheti chepesi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuvuka. Mpakani Kasumulu cheti hicho hakitumiki, kwa kuwa Malawi haimo katika Jumuiya hiyo, nasi tulijitoa COMESA mwaka 2000. Tumebaki pamoja ndani ya SADC. Tena mnakumbuka Machi 2025 Malawi ilipopiga marufuku mchele, ndizi, tangawizi, mahindi na unga kutoka nje; Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, na siku chache baadaye zuio letu likaondolewa mazungumzo yakianza. Kwa wakubwa zilikuwa wiki chache za mvutano. Kwa mwenye fuso la ndizi zilitosha kuifanya ndizi kuwa mbolea. Chungu angalau hakiozi, na hiyo ndiyo sifa yake pekee ya kibiashara ambayo hatujaitumia, kwa sababu tunakiuza kana kwamba kitaoza kabla ya jioni.

Wapo waheshimiwa watakaoondoka hapa wakitaka kuomba uwanja wa ndege mdogo, au bandari kubwa. Nawaombeni msifanye hivyo kwanza. Vitu ninavyoviona vinahitajika ni vidogo kiasi cha kuaibisha: banda lenye paa, sakafu kavu na rafu, hapa Lyulilo, ambamo vyungu visivyouzwa Jumamosi vinalala kwa stakabadhi ya kikundi, gati fupi, katoni zinazonunuliwa kwa jumla Mbeya na kuletwa na malori yanayokuja matupu, maana yanakuja matupu, na chungu kufungwa hapa, mara moja, kisifunguliwe tena hadi dukani kwa mnunuzi. Mikono saba itabaki, lakini itashika katoni.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri bajeti ya Dodoma, isipokuwa gati. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikundi, Jumamosi ijayo kabla malori hayajapakia, mje na futi ya fundi cherehani, mpime vyungu vyote vitakavyofika, mdomo na tumbo, mwandike, kisha mkubaliane saizi tatu zinazoingiana. Na halmashauri nayo ije siku hiyo hiyo na jibu la swali moja tu: kiwanja cha ghala kiko wapi?